Karamu ya Mkono wa Kushoto

Muleba, Jumamosi alasiri

Mwanangu Kemilembe,

Salamu tumepeana asubuhi ulipokuwa unatoka kwenda kumuaga shangazi yako, kwa hiyo sizirudii. Hali zetu unazijua: mimi mzima, mama yako mzima, naye anaimba huko nyuma kwenye migomba. Naanza na jambo lililonikalisha hapa mezani.

Kesho unapanda basi, na keshokutwa asubuhi utafanya mtihani wa kupiga chapa katika ofisi ya wakili yule wa Mwanza. Nafasi ni moja. Barua yake ilieleza kwamba yeye atasoma kwa sauti nanyi mtachapa, na kwamba mwombaji anaweza kutumia mashine ya ofisi au kwenda na yake. Alhamisi, tukiwa tunakula, nilikuuliza utatumia ipi, nawe ukaniambia, "Baba, nikiingia na ile Ente watanicheka kabla sijachapa neno." Nami nikajibu, "Basi chukua ya kwao, ukawachapie karamu." Ukaacha kula. Mama yako akasema, "Mwalimu, wewe nawe!" akaondoa sahani. Tangu hapo hakuna aliyeitaja mashine katika nyumba hii.

Neno langu lile lilikuwa fupi kuliko nilichokusudia. Nilichokusudia ni kirefu, ndiyo maana nakiandika.

Mashine iko mkono wangu wa kulia, chini ya kitambaa cheupe alichokifuma mama yako. Siifunui. Nikianza kuchapa, mlio utamwita kutoka shambani, naye atasimama nyuma yangu kusoma, kama kawaida yake. Natumia kalamu ya bluu niliyostaafu nayo. Imeanza kukwaruza, na ukiona neno limeandikwa juu ya neno, ujue ni wino uliokataa.

Mambo ya nauli, ya kufunga mlango na ya kutokula vya njiani sitayagusa. Yale ya afya na ya vijana wa mjini mama yako alikueleza jikoni. Nilisikia nusu yake kupitia ukutani, na sina la kuongeza ila kwamba yote ni kweli. Katika mkoa huu hakuna nyumba inayohitaji kuelezwa mara mbili.

Nataka kwanza ujue jinsi Ente ilivyopata pembe. Umekua ukiiona vile ilivyo, na sidhani kama umewahi kuuliza.

Kabla ya vita ilikuwa mashine kama mashine nyingine. Nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule moja ya Bukoba, na kwa kuwa nilijua kupiga chapa, mitihani yote ya shule ilipita mikononi mwangu. Vita vilipotukaribia tukaambiwa tuhamishe vitu vya shule kwa lori kwenda Maruku, na mimi ndiye niliyepanga mizigo. Vitabu vya sarufi nilivifunga kwa blanketi langu mwenyewe, nikaviweka katikati kama mayai. Mashine niliiacha pembeni, chini ya cherehani za wasichana. Lori lilipoingia katika shimo la kwanza, cherehani moja ikaanguka na mguu wake wa chuma ukasimama katikati ya vibonye. Tulipofika Maruku, vibonye vya kushoto vilikuwa vimelalia kushoto, vya kulia vimelalia kulia, na katikati pamebaki uwazi wa kutosha kiganja cha mtoto. Vitabu vyote vilifika salama. Kwa muda mrefu hakuna aliyevifungua.

Vita vilipokwisha shule haikuitaka tena mashine ile, ikaniachia. Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Bukoba aliyetengeneza baiskeli, redio na saa. Akaigeuza, akaigonga hapa na pale, akacheka.

"Mwalimu, hii imekuwa ente. Tazama pembe!"

Unajua mwenyewe jinsi pembe za ente, ng'ombe wetu wa Kihaya, zinavyoachana. Nikamwambia, "Zinyooshe."

"Chuma hiki kimekwisha kupinda mara moja. Nikikirudisha kitakatika, utabaki na herufi za kushoto tu. Utaandika nini kwa herufi za kushoto?"

Swali aliliuliza kwa dhihaka, lakini mimi swali la herufi siwezi kuliacha lipite. Nikahesabu kichwani. "Baba," nikamwambia. "Dada. Taa. Barabara."

"Na mama?"

"Mama ana M. M iko kulia."

"Basi tusiikate," akasema, akanirudishia. "Mtu hawezi kuishi na taa na barabara peke yake."

Nikarudi nayo nyumbani na pembe zake, na jina la Ente likaja nayo.

Wiki ya kwanza niliichukia. Kosa langu lilikuwa la siku nyingi, ila halikuwa limewahi kuonekana: nilikuwa napiga B kwa mkono wa kulia. Si sahihi. B ni ya kidole cha shahada cha kushoto, nawe nilikufundisha hivyo tangu mwanzo. Lakini katika mashine ya kawaida B iko katikati, na kidole chochote kinaifikia, kwa hiyo miaka yote nilikuwa nakosea bila kukamatwa. Katika Ente, B ilikwenda na pembe ya kushoto, na kidole changu cha kulia kikawa kinadumbukia hewani. Nilikuwa naandika "aa" mahali pa "baba". Ikanibidi, mtu mzima mwenye cheti cha ualimu, nijifunze upya kuliandika neno baba. Wakati huo nilikuwa bado si baba wa mtu.

Nilipozoea, mwili ukaanza kutoa maoni yake. Mashine ya kawaida inakutaka ubane viwiko mbavuni na kupinda viganja kuelekea nje, kama miguu ya bata. Hulioni jambo hilo asubuhi. Unaliona jioni, shingo inapokataa kugeuka mtu akikuita. Katika Ente kila mkono unakaa mbele ya bega lake, kifua kinafunguka, na mtu anapumua. Nilichapa siku nzima mitihani ya shule, na jioni nikamsaidia mama yako kumenya ndizi bila kulalamika. Akaniuliza kama naumwa.

Lakini mwanangu, kulijua jambo na kulifuata ni vitu viwili, nami nilikuwa mtu wa kupenda kuonekana sahihi. Nilipohamishiwa ofisi ya wilaya hapa Muleba nilikuta mashine mpya, nyeusi, inayong'aa, vibonye vyake vimepangwa kwa mstari kama watoto wa gwaride. Nikaiona ndiyo inayofaa mtu wa heshima yangu. Ente nikaisukuma chini ya kitanda. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Nilihofia kicheko kabla hakijatokea, kama unavyokihofia wewe sasa.

Kilichofuata umekisikia kwa watu wengi, na kila mmoja ana chumvi yake. Kisikie kwangu.

Ofisi iliitisha semina ya makatibu wa vijiji. Ilikuwa miaka ile sabuni ilipokuwa habari na sukari ilipokuwa hadithi. Bwana mkubwa wa ofisi alikuwa akitembea huku na huku akinisomea waraka, nami nachapa. Alisema: "Kila mjumbe aje na kalamu yake, kwa kuwa ofisi haina ya kutosha." Alikuwa Mhaya kama mimi, na ulimi wake ukizichanganya R na L kama ulimi wa nyumbani kwetu wote. Mimi nikachapa nilichosikia: "Kila mjumbe aje na karamu yake, kwa kuwa ofisi haina ya kutosha." Nikausoma, nikauona hauna kosa. Na ukweli ni kwamba kisarufi haukuwa nalo.

Siku ya semina nilisimama mlangoni na daftari la mahudhurio. Wa kwanza akaja na mkungu wa ndizi juu ya baiskeli. Nikadhani anatoka sokoni. Wa pili, mama mmoja, akaja na kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi, kilichozibwa kwa majani. Nikadhani anapita kwenda kwenye harusi. Kisha wakaja wavuvi wawili kutoka kisiwa cha Goziba, waliokuwa wamelala njiani, na sangara wa kukaushwa kwa moshi aliyefungwa kwa nyasi, mrefu kama mtoto.

"Mwalimu, tumweke wapi?"

"Mnamweka wa nini?"

"Wa karamu. Si mmetuagiza?"

Bwana mkubwa akatoka, akaona ndizi, vibuyu, viazi, kuku aliyefungwa miguu, na watu waliovaa nguo za Jumapili. Akauchukua waraka, akausoma mara mbili.

"Nani alichapa huu?"

Nikainamia daftari langu. Mmoja wa wavuvi wale akaniona, akanionea huruma. "Bwana mkubwa, usimfokee mzee wa watu. Sisi Goziba tuliusoma tukafurahi. Tulisema, afadhali leo serikali imekiri wazi kwamba ina njaa."

Hata bwana mkubwa alicheka, akaegemea ukuta. Kati ya wajumbe wote hakuna aliyekuwa na kalamu. Semina ikaendeshwa kwa mdomo tu, ndizi zikachomwa nje, sangara akaliwa mpaka mifupa, na yule mama wa kibuyu akasema hajawahi kuielewa semina kama alivyoielewa ile. Mimi nikabaki na jina. Kwa miaka mingi nilikuwa nikipita sokoni nasikia, "Mwalimu Karamu, leo tuje na nini?"

Nilikaa nyumbani Jumamosi na Jumapili sitaki kumwona mtu. Nilikuwa nawakumbuka wanafunzi wangu. Kila "habali" nilikata alama. Kila aliyeandika "kurara" badala ya "kulala" nilimsimamisha asome kwa sauti mbele ya wenzake, wenzake wacheke, na nilikuwa naita jambo hilo kufundisha. Nilikuwa naamini kwamba mtu anayechanganya R na L ni mtu asiyejali. Sasa nilikuwa nimechapa mwenyewe, kwa mikono yangu, nikasoma kwa macho yangu, na sikioni mwangu maneno yale mawili yalikuwa neno moja.

Mama yako ndiye aliyeivuta Ente kutoka chini ya kitanda. Aliiweka mbele yangu akasema, "Andika hayo maneno yako mawili, tuone yanatofautiana wapi."

Nikayaandika. Na hapo, mwanangu, ndipo nilipoona kitu ambacho sarufi yote niliyofundishwa haikuwa imenionyesha. K ni ya kulia, A ya kushoto, L ya kulia, A ya kushoto: katika "kalamu" mikono inapokezana, huyu ametoa, huyu amepokea. Katika "karamu" mkono wa kulia unagonga K, kisha A, R na A zote ni za kushoto. Mama yako alikuwa anaitazama mikono yangu, si karatasi.

"Kumbe," akasema, "kwenye karamu wa kushoto anakaa mezani peke yake anakula, wa kulia anasubiri nje."

Katika mashine ya kawaida tofauti hiyo ipo vilevile, lakini ni ya vidole tu, na vidole vimesongamana, hakuna anayeisikia. Katika Ente, R iko kwenye pembe moja na L kwenye pembe nyingine. Ukitaka kukosea, bega zima linaondoka kwenda upande usio wake, nawe unalisikia kabla kidole hakijashuka. Ulimi wangu haukubadilika. Mpaka leo ukinifumba macho ukaniambia nitamke, sina hakika. Mikono ndiyo inayojua.

Tangu wakati ule nikaacha kuuliza watu, "Ni R au L?" maana mtu wa kwetu ukimuuliza hivyo unamtesa bure. Nikawa naonyesha zile pembe mbili, ya R na ya L, na kuuliza, "Ni kushoto au kulia?" nao wakawa wanainua mkono.

Kisha ikaja miaka ya misiba. Niliyoyachapa kwa Ente wakati ule mengi yalikuwa matangazo ya mazishi, barua za kuombea ruhusa kazini, barua za kuwajulisha ndugu walio mbali. Foleni ilikuwa ikianzia hapo barazani asubuhi. Unajua majina yetu: huyu ni Rwegasira, nduguye wa tumbo moja ni Lwegasira, na kila mmoja ana sababu yake. Katika siku za kawaida mtu husema andika upendavyo. Katika siku ya msiba hasemi hivyo. Namkumbuka mama mmoja aliyezika mumewe asubuhi ile ile. Sauti ilikuwa imemkauka, hakuweza kutamka lolote. Nikamuuliza polepole, kushoto au kulia. Akainua mkono wa kushoto, akaushikilia juu mpaka nilipomaliza kulichapa jina lote, kana kwamba akiushusha herufi ile ingeanguka. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtu hufundishwa kuandika kwa usahihi. Nilikuwa nimefundisha miaka mingi bila kuelewa.

Na katika miaka hiyo ukaja wewe.

Haya tumekwisha kuyazungumza, siyafichi wala siyapambi. Baba yako Felisi, mdogo wangu, aliyekuwa akinunua samaki visiwani, alichukuliwa na ugonjwa ule, na mama aliyekuzaa hakukaa sana nyuma yake. Uliletwa hapa na kikapu cha nguo. Ulikuwa unakula, unachota maji, unafagia, lakini husemi. Mama yako alikuimbia, akakukalisha jikoni, akakusimulia habari za majirani ambazo hazikufaa masikio ya mtoto. Hukusema. Mimi sikuwa na la kufanya zaidi ya kuchapa.

Siku moja nilikuwa nakuandikia barua ya kukuombea nafasi shuleni. Nilikuwa nazungumza peke yangu kama kawaida: "Kemirembe au Kemilembe? Maana wote wapo. Kushoto au kulia?" Sikuwa namuuliza mtu. Nilipoinua macho ulikuwa umesimama pale mlangoni, na umeinua mkono wa kulia.

Nikauliza, "Kulia?"

Ukasema, ukimtaja baba yako, "Tata aliandikaga hivi." 

Hilo ndilo lililokuwa neno lako la kwanza katika nyumba hii, nami, Mungu anisamehe, nikafungua mdomo kukuambia kwamba si "aliandikaga", ni "alikuwa akiandika". Mama yako alinitazama kutoka jikoni kwa jicho ambalo sijaliona tena. Nikafunga mdomo. Nikachapa jina lako kwa L, mkono wa kulia, nawe ukasogea kuona. Kesho yake ulikuja na kigoda chako.

Sasa nikueleze mashine yenyewe, kwa haki, kama ningekuwa namweleza mgeni.

Kwa macho haivutii. Ubavu mmoja hauna kifuniko, vumbi linaingia, ukiisafisha kwa brashi leo kesho lipo. Kengele ya mwisho wa mstari imekufa. Wewe unaujua mwisho wa mstari kwa mazoea, na mazoea hayo ni yako, hakuna wa kukunyang'anya. Kibao cha nafasi kimevunjika upande wa kushoto, kinakubali dole gumba la kulia tu. A ni nzito, inataka kidole kidogo kiamue kwelikweli. Miguu yake ni vipande vya kandambili za tairi nilivyovikata mwenyewe, na haitelezi hata juu ya meza iliyong'arishwa. Chuma chake ni kile cha zamani: ukichapa kwa nguvu meza ndiyo inayotikisika, yenyewe haitikisiki. Kila kibonye kinashuka mpaka chini, kinagonga, kinarudi juu kabla hujakiomba. Mlio wake ni mkubwa. Katika ofisi ya watu wengi wapo watakaougeukia.

Juma hili nilikwenda parokiani nikaomba kuchapa ukurasa mmoja kwa mashine yao, kwa sababu niliona si haki kukuambia habari za mashine za kawaida wakati mimi nimeziacha zamani. Ni nzuri. Ni nyepesi, vibonye vyake laini kama vidonge. Nilichapa aya mbili nikafurahi, nikasema Kemilembe ataiweza hii bila shida. Kwenye aya ya tatu viwiko vilianza kunibana. Nilipoiondoa karatasi nikakuta nimeandika "mahari pa kazi", kana kwamba nakwenda kuposa ofisi. Padre alicheka mpaka akavua miwani. Mimi pia nilicheka, na hilo ni jambo ambalo zamani nisingeliweza.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mashine ya wakili utaiweza, maana wewe ni hodari kuliko nilivyokuwa, na vidole vyako ni vya ujana. Usiingie pale ukidhani kwamba bila Ente huwezi kitu. Nitakuwa nimekulea vibaya ikiwa unadhani hivyo. Lakini ukiiacha Ente, iache kwa sababu mikono yako imesema iache. Keti kwenye mashine yoyote siku nzima, kisha jioni liulize bega. Mtu aliyejaribu kwa maneno mawili matatu akasimama na kusema hii ni nzuri, huyo amejaribu sura. Mimi nilichagua kwa sura mara moja, na wilaya nzima ikala.

Kuhusu kicheko, nilitaka kukuambia kwamba hawatacheka. Sitakuambia, maana ni uongo. Watacheka. Mashine inayofanana na ng'ombe itachekwa hata ikulu. Mimi nilichekwa sokoni miaka mingi, na wale wale walionicheka ndio waliokuja kupanga foleni barazani siku zao za uchungu, kwa sababu walijua jina la mtu wao litaandikwa sawasawa. Kicheko ni cha asubuhi ya kwanza. Wakili akimaliza kusoma atazikusanya karatasi, na karatasi haionyeshi pembe.

Usifikiri kwamba nitabaki bila kazi ukiichukua. Watu wanaokuja kwangu sasa ni wachache, wengi wao wanataka kuzungumza kuliko kuandikiwa. Na nasikia ofisi kubwa zimeanza kuingiza kompyuta, nazo, wanasema, zina herufi zile zile katika mpangilio ule ule. R yao itakuwa kushoto na L kulia. Popote utakapokaa

Kalamu imekufa, mwanangu, katikati ya sentensi, jambo ambalo nisingelimsamehe mwanafunzi. Nimeipuliza, nimeisugua kwenye kiatu, haikubali. Basi nikaona hakuna njia, nimalizie kwa kuchapa, mama yako aje asome akitaka. Nikavuta karatasi, nikafunua kitambaa.

Chini ya kitambaa pana boksi la sabuni.

Juu ya boksi pana kalamu mpya, na kipande cha karatasi kilichochapwa. Najua mlio ule ulisikika lini: jana, nilipokuwa kwenye kahawa. Nakinakili hapa kwa kalamu hiyo, kama kilivyo, ili nawe uwe na nakala:

"Baba, nimeichukua Ente. Wakicheka nitacheka nao, halafu nitachapa. Hii ni karamu yako. Mkono wa kushoto umeiandaa peke yake."

Niliposikia nyayo, mama yako alikuwa mlangoni, na majani ya migomba begani.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Kitenge kilichoifunga ni changu, kile kizuri. Iko kwenye sanduku lake tangu jana, katikati ya nguo. Hakuiweka pembeni."

"Na umeniacha nikaandika kurasa zote hizi?"

"Ulikuwa unaandika vizuri, Mwalimu. Mara moja ukacheka peke yako. Nikasema nisikukatize."

Basi kurasa zote hizi hazina kazi, maana mlilizungumza jambo hili bila mimi mkalimaliza. Nimefikiri kuzichana. Nimeona nizikunje tu na kuziweka katika sanduku, chini ya ile pembe ya kulia, ambapo pana nafasi. Utazisoma ukiwa umekwisha kufanya mtihani.

Sauti yako naisikia njiani, unacheka na mtoto wa jirani. Ukiingia nitakuambia tu uoshe miguu, chakula kiko tayari, na mama yako amekutengea senene wa safari.

Karamu hii ni nzuri, mwanangu. Ni nyepesi mkononi na haikwaruzi hata kidogo. Neno hilo nimeliandika kwa R, nimelisoma mara mbili, na nimeliacha.

Ni mimi,
Baba yako